Jina la Zuhura kwa herufi za Kigiriki: naombeni msaada kabla ya tarehe 20

Mama Zuhura, Kipseli:
Asalaam aleikum wanajumuiya wa hapa Ugiriki. Jana nimekwenda kumwandikisha mtoto Alfa Dhimotiko, darasa la kwanza. Cheti cha kuzaliwa cha liksiarhio (ofisi ya vizazi na vifo) ninacho, ADYM (kadi ya afya ya mwanafunzi), kadi ya chanjo, AMKA (namba ya hifadhi ya jamii), bili ya umeme. Mama wa ofisini kashika adia (kibali cha kuishi) mkono huu na cheti mkono huu, kaniambia hawa ni watoto wawili. Kwenye adia yumo Zuhura Shabani. Kwenye cheti yumo Ζουχούρα Σαμπάνι, na akirudishwa herufi za Kilatini anatoka Zouchoura Sampani! Narekebisha wapi, liksiarhio au ofisi ya adia? Na huko nipio (chekechea) wenzake washaanza kumwita Sampania, mvinyo wa sherehe, na baba yake mtu wa swala tano.

Kamau, Patisia:
Pole dada. Wangu Wambui ni Ouampoui. Hawana b, wanaunga m na p. D nayo ni n na t. Ingia KEP, ofisi ya huduma kwa wananchi, uandike ipefthini dhilosi (tamko rasmi) kwamba ni mtu mmoja, imeisha hiyo.

Bi Tatu, Pireas:
Kamau usimpotoshe mwenzio. Dhilosi haibadilishi cheti. Na b wanayo: μπ ikianza jina inatoka B, ikikaa katikati ndiyo ELOT (kanuni yao ya kugeuza herufi kuwa za Kilatini) inaitoa mp. Ndiyo maana Bakari wangu hana shida, mdogo wake Abdallah anaitwa Ampntalla. Shule kumkataa hawawezi, sheria inataka mtoto aandikishwe hata karatasi zikipungua. Balaa ni mbele, ukiomba uraia kwa ile sheria 4332 ya 2015, maana inaanzia hapo hapo Alfa Dhimotiko.

Mama Zuhura:
Ahsante dada. Lakini niende ofisi gani?

Baharia Mstaafu:
Wanangu, nilishuka meli hapa Pireas 1979. Enzi hizo juu ya herufi kulikuwa na vialama utadhani nzi wametua. 1982 wakavifuta, kikabaki kimoja. Sisi Waswahili herufi zao tunazo mdomoni: dhelta ni dh ya dhahabu, thita ni th ya thelathini, ghama ni gh ya ghali, hi ni kh ya kheri. Mwingereza hapo kwenye ghama anakohoa tu. Wao ndio hawana sh, ch wala j. Mjukuu wangu wa darasa la Zita namfundisha kwa njia hiyo hiyo.

Bi Tatu:
Shikamoo mzee. Hakuna darasa la Zita. La sita ni ΣΤ, zita kwa hesabu yao ni saba. Herufi ya sita ya kale ilikufa, ikabaki kwenye kuhesabia tu.

Baharia Mstaafu:
Marahaba. Sita au saba, mtoto anasoma.

Mama Salma, Galatsi:
Mama Zuhura usimwonee haya mwanao. Salma yuko Ghama, darasa la tatu, historia yao mwaka mzima ni miungu, Iraklis na Troia. Mwalimu kachora sayari ya Afroditi ubaoni, Salma kanyoosha mkono: kwetu hiyo ni Zuhura! Jioni kaniuliza kama Wagiriki wa kale walitujua. Nikamwambia karne ya kwanza kuna mfanyabiashara aliandika kwa Kigiriki habari za Azania, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki, na bandari ya Rapta, jina lililotokana na mashua za kushona. Akaruka: mama, kama raftis, fundi cherehani! Huyo huyo kaandika kisiwa cha Menuthia wanavua kwa vikapu vya kusuka.

Baharia Mstaafu:
Madema hayo! Marehemu baba alikuwa akiyatega Mafia maji yakitoka, tunarudi na changu na tasi. Miaka mingapi sijala tasi. Rapta ni Rufiji, msibishane.

Kamau:
Mzee, mashua za kushona ni mitepe, na mitepe ni Lamu.

Bi Tatu:
Lamu ndiyo Rapta? Soma kwanza. Na mtepe wa mfano ulikuwa Unguja, makumbusho ya Beit al-Ajaib, mpaka sehemu ya jengo ikaporomoka Desemba 2020, kwa sababu serikali zetu ndivyo zinavyotunza vitu.

Kamau:
Siasa tena.

Mama Zuhura:
Ndugu zangu, leo tarehe 18. Liksiarhio au adia?

Baharia Mstaafu:
Pangani nayo wengine wanaitaja, lakini mimi nasema Rufiji.