Mjadala: Mbona kila mshukiwa wa riwaya za kijasusi husema kweli akishapigwa?

Msomaji, Mwembe Tayari (mwenye mada)

Wapenzi wa riwaya, salaam aleikum na habari za jioni. Leo nataka tubishane, bila matusi.

Riwaya za kijasusi nazisoma tangu niko shule. Hizi za siku hizi zinazotumwa sehemu kwa sehemu kwenye WhatsApp nazisoma pia, na kulipia nalipia. Lakini kuna sura moja imenikaa kooni, na karibu zote zinayo. Chumba hakina dirisha, taa ni moja, mshukiwa kafungwa kitini, shujaa anakunja mikono ya shati. Kucha ya kwanza yang'olewa, kucha ya pili, na ya tatu haijafikiwa jamaa kashataja jina, mtaa, saa na namba ya gari. Shujaa anatoka mbio, bomu limebakiza sekunde chache, mji unaokoka. ITAENDELEA. Nasi twatuma hela ya sehemu inayofuata.

Mbona hakosei hata siku moja? Mbona hakamatwi mtu asiyejua lolote, akapigwa, akataja jina la jirani yake ili tu apumzike? Hapa Mombasa kuna watu waliochukuliwa na magari yasiyojulikana na hadi leo familia zao hazina kaburi wala barua. Tukiisoma sura ile twashangilia nini hasa?

Sitaki kitabu chochote kipigwe marufuku, nisije nikasingiziwa. Nasema sura hiyo ni ya uongo, na mtu wa kwanza kuharibiwa na uongo huo ni mwandishi mwenyewe.

Msomaji, Mtwapa

Nduza, umeanza vyema ukaishia kwenye mahubiri. Riwaya ni riwaya.

Mimi sikai mbali na Kikambala. Tarehe 28 Novemba 2002 gari lililojaa mabomu liliingia hoteli ya Paradise, likaua Wakenya 10 na Waisraeli 3. Miongoni mwa waliokufa ni wachezaji ngoma waliokuwa wakilaki wageni, watu waliotoka nyumbani asubuhi kwenda kutafuta riziki. Asubuhi hiyo hiyo ndege ya Waisraeli iliyokuwa ikiruka kutoka uwanja wa ndege wa Moi ilirushiwa makombora, yakaikosa. Je, yangeipata?

Waliopanga mambo yale hawakukamatwa siku moja kabla. Basi niacheni nisome kitabu ambamo wanakamatwa siku moja kabla. Na shujaa akimzaba mtu makofi mawili humo ndani, mimi machozi hayanitoki.

Mwenye mada

Wala mimi hayanitoki. Lakini hebu rudi hapo pako: "wanakamatwa siku moja kabla". Shujaa amejuaje kwamba huyu aliyemfunga ndiye? Mwandishi anajua, basi na shujaa anajua. Afisa wa kweli hana mwandishi wa kumnong'oneza. Ana fununu, ana mtu aliyemwambia kasikia, ana bosi anayetaka majibu kabla ya saa kumi na moja. Wasiwasi huo ndio utamu wa kijasusi, na ndio wanaoutupa.

Mzee, Kuze

Wanangu, sisi tulisoma Willy Gamba, yule jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, vitabu vikipita mkono kwa mkono mpaka jalada linabanduka. Na Willy hakuwa walii. Alipiga, akaua, na hotelini hakulala peke yake. Tulimpenda kwa sababu aliokuwa akipambana nao ni makaburu na vibaraka wao. Kamati ya ukombozi ya OAU, umoja wa nchi za Afrika wa enzi hizo, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, wapigania uhuru wa kusini wakipita hapo, na kaburu kweli alikuwa na majasusi wake huku juu. Kijana wa Kiafrika kumshinda jasusi wa Pretoria! Ilikuwa kama timu ya mtaani kuifunga timu ya taifa ugenini.

Hizi za leo nikizifungua namkuta adui ni kijana mwenye ndevu na kanzu fupi, anayenunua mahamri na mbaazi pale pale ninaponunua mimi. Sikatai kwamba wapo waliopotea njia. Nauliza tu: mbona mara hii kaburu kawa ni sisi?

Msomaji, Likoni

Lawama yangu mimi ni ndogo. Nimesoma moja, shujaa anatoka Mji wa Kale na gari mwendo wa kuruka, "akavuka daraja la Likoni". Daraja lipi, yakhe? Sisi twasimama kwenye feri tukihesabu masaa. Lile la Liwatoni lililofunguliwa 2021 lilijengwa kwa waenda kwa miguu. Na kuna filamu kubwa ya Marekani ya 2010 yenye watu wanaofukuzana vichochoroni "Mombasa". Vichochoro vyenyewe ni vya Tangier, Morocco. Asiyeijua feri ndiye aniambie yanayotendeka ndani ya chumba cha kuhojiwa?

Wakili, Tudor

Nitasema ya kazi yangu kisha ninyamaze.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 25, yasema haki ya kutoteswa haiwekewi mipaka, iwe kuna hatari au hakuna. Kifungu cha 49 chataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata. Kifungu cha 50 chatupa nje ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki ikiwa utaharibu kesi. Shujaa wa riwaya hizi amevunja vyote vitatu ndani ya kurasa mbili. Mwandishi sasa hawezi tena kumpeleka mshukiwa kortini, maana kesi itaanguka siku ya kwanza. Angalieni, ndiyo sababu wote hufa kwa risasi sura ya mwisho! Watu hudhani ni ukali wa shujaa. Ni mwandishi amejifungia mlango kwa nje.

Wanaosema mateso huleta ukweli ningewaomba wamsome Ibn al-Shaykh al-Libi, Mlibya aliyekamatwa mwishoni mwa 2001, kisha Wamarekani wakamtia mikononi mwa Misri. Huko, chini ya mateso, akasema Iraki iliwafunza watu wa al-Qaida silaha za kemikali na za vijidudu. Maneno hayo yakaingia katika hotuba ya Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, tarehe 5 Februari 2003. Mwezi uliofuata vita vya Iraki vikaanza. Mwaka 2004 al-Libi akayakana yote. Alisema walichotaka kusikia ili waache. Na Desemba 2014 kamati ya ujasusi ya Seneti ya Marekani ikatoa muhtasari wa ripoti yake kuhusu CIA, shirika lao la kijasusi, na jambo la kwanza katika matokeo yake ni kwamba mbinu zile hazikuwa njia ya kufaa ya kupata habari.

Mwenye mada

Wakili, hiyo ndiyo riwaya ninayoililia! Mtu anapigwa, anasema, anaaminiwa, jeshi linatoka, na hakuna hata neno moja la kweli. Hapo moyo ungenidunda kuliko bomu lenye saa.

Msomaji, Mtwapa

Ya Marekani ni ya Marekani. Mbona hamsemi juu ya maafisa wanaofanya kazi hii kwa akili, wanaozuia mambo tusiyoyasikia kamwe kwa sababu hayakutokea? Nao ni watoto wa watu. Nyinyi mwataka kitabu ambacho serikali ni mbaya kuanzia jalada hadi jalada. Huo nao ni uongo, ila umevaa suti.

Mama, Majengo

Nyote mmemkazia macho aliye kitini. Na mkewe je?

Mwanamke wa riwaya hizi ni wa namna mbili tu: yule mrembo wa kumtega waziri hotelini, na yule wa kupiga yowe mlango ukivunjwa usiku. Akishapiga yowe hatumuoni tena. Mimi nataka asubuhi yake. Anakwenda kituo cha kwanza, anaambiwa jina halimo kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Cha pili, wanamwambia arudi cha kwanza. Anapita hospitali. Anapita vyumba vya maiti, anafunuliwa nyuso za watoto wa wengine. Njiani anaanza kukumbuka: gari rangi gani, nani kwenye kichochoro hakutoka nje usiku ule ilhali taa yake ilikuwa inawaka, duka gani lina kamera. Anauliza huku akijifanya haulizi. Anafuatwa na mtu, naye ajua anafuatwa.

Niambieni, jasusi hapo ni nani? Hana bastola, hana pasipoti tano, na watoto watamngoja saa saba warudipo kula.

Msomaji, Mtwapa

Mama, hiyo ningeisoma, haki ya Mungu. Lakini hiyo si ya kijasusi, ni ya haki za binadamu.

Mama, Majengo

Kwa nini? Kwa sababu hakuna atakayelala naye?

Mzee, Kuze

Hapo mwanangu wa Mtwapa umepigwa bila kuguswa.

Mwandishi wa riwaya za simu, Kisauni

Nimesoma yote, na baadhi yenu ni wateja wangu, kwa hivyo naongea polepole.

Mwanzo nilijaribu mnayoyataka. Niliandika afisa anayehoji kwa chai na maneno, anamrudia mshukiwa swali lile lile kwa njia tofauti mpaka linapingana na lenyewe. Ndivyo nilivyoelezwa na mtu aliyestaafu kazi hiyo: mtu hujikwaa kwenye vijambo vidogo, kama alikula nini, nani alifungua mlango. Niliiandika sehemu tatu nzima kwa jasho. Wateja wakanijia: "Mbona imepoa?" "Atampiga lini?" M-Pesa ikanyamaza. Sehemu ya nne nikaleta koleo, na hela ikarudi usiku ule ule.

Mimi nalipa kodi ya nyumba kwa hadithi hizi. Sehemu haisomwi na mtu aliyetulia. Inasomwa kwenye matatu, Kongowea hadi Ferry, makonda akipiga kelele. Nina kurasa nne tu za kumshika. Mwataka nibadilishe, nami niko tayari, lakini koleo mlilinunua nyinyi.

Mwenye mada

Haya ndiyo maneno niliyotaka kuyasikia kutoka upande wa pili, asante. Na sibishi kuhusu hela.

Ila nikuulize kuhusu mtoa habari wako. Katika kila riwaya yupo, amekaa pembeni ya mkahawa na kofia, anapokea bahasha, anachosema ni kweli tupu. Graham Greene, aliyewahi kufanyia kazi ujasusi wa Uingereza, alitoa mwaka 1958 kitabu kuhusu muuza mashine za kufagilia vumbi Havana. Jamaa anaajiriwa kuwa jasusi, hajui lolote, na analipwa kwa kila wakala anayemsajili. Anachofanya ni kubuni mawakala, kisha anachora vipande vya mashine zake na kuvituma London kama silaha ya siri. Wakubwa wanaingia baridi! Kinachekesha mpaka watu wa kweli wanapoanza kufa kwa ajili ya majina ya kubuni.

Ilete hiyo hapa kwetu. Mtoa habari analipwa kwa jina, ana deni la duka, wiki hii hana jina. Anamtazama jirani yake akifunga mlango. Hakuna koleo hapo, na sidhani abiria wako wa Kongowea atashuka kituoni kwake.

Msomaji, Mtwapa

Hiyo nalipia. Lakini kwa sharti: mmoja kati ya majina yale aliyoyabahatisha awe kweli ana bomu, na hakuna anayejua ni yupi. Msinipe mtaa mzima wa malaika.

Mama, Majengo

Nakubali. Na mke wa yule jirani awemo, tangu sehemu ya kwanza, si yowe tu.

Mwandishi, Kisauni

Mwakubaliana kwa rahisi kwa sababu kalamu ninayo mimi. Sehemu ya kwanza itatoka Ijumaa baada ya Isha. Bei ni ile ile, na atakayeniuliza "atampiga lini" nitamrudisha hapa asome.