Mkulima wa Japani enzi ya Tokugawa: wa pili kwa heshima au wa kwanza kwa mzigo?

Wanajamvi, kuna hoja inayorudi kila ukabaila wa Japani unapotajwa, na leo naomba tuijadili bila kuoneana haya. Inasemwa hivi: chini ya utawala wa ukoo wa Tokugawa (1603–1868) samurai, yaani askari wa makabaila, alikuwa juu, akafuata mkulima, kisha fundi, na mfanyabiashara akawa mkiani. Basi watu husifu: tazameni nchi iliyomweka mlisha watu juu ya mwenye duka!

Mimi nasema nafasi ile ilikuwa kamba. Mwaka 1588 Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani kabla ya Tokugawa, aliwanyang'anya wanavijiji mapanga na bunduki. Mwaka 1591 akawakataza kuacha mashamba yao wakafanye biashara au vibarua. Mwaka 1643 watawala wa Tokugawa nao wakapiga marufuku mkulima kuuza kabisa ardhi yake. Huyo mheshimiwa gani asiye na ruhusa ya kuondoka wala kuuza?

Halafu njooni kwenye kodi. Utajiri wa kabaila ulipimwa kwa koku za mchele, koku moja ikiwa kama kilo 150, chakula cha mtu mzima kwa mwaka. Daimyo, yaani kabaila mkubwa, alikuwa mwenye eneo la koku 10,000 na kuendelea. Mchele huo ulitoka kwa mkulima: mara nyingi sehemu nne au tano za kila kumi alizovuna. Na kodi ilidaiwa kwa kijiji kizima, hivyo jirani yako akishindwa, pengo lake mnaliziba ninyi.

Mfanyabiashara wa mkiani je? Samurai wa Edo, makao ya serikali ya Tokugawa na Tokyo ya leo, alilipwa mchele, lakini mchele haununui viatu wala mafuta ya kuwashia taa. Ilibidi auze kupitia madalali wa Kuramae, mtaa wa Edo penye maghala ya serikali, na madalali haohao wakamkopesha kwa riba, dhamana ikiwa mchele wa msimu ujao. Kule Osaka, soko la Dojima lililotambuliwa rasmi mwaka 1730 liliuza hata mchele ambao bado haujafika ghalani. Bei ikishuka sokoni, bwana mwenye madeni aligeuka kumkamua mkulima.

Najua nitajibiwa kwamba mfanyabiashara naye alionewa, kwa mfano wa ukoo wa Yodoya, matajiri wa Osaka waliotaifishiwa mali yote mwaka 1705. Nitakumbushwa pia kwamba mwaka 1789 serikali ilifuta madeni ya zamani ya samurai na wakopeshaji wakala hasara. Ni kweli, na dhuluma ni dhuluma hata kwa tajiri. Ila siwezi kuipima kwa mizani moja na njaa.

Wengine watasema ngazi zile nne zilikuwa mafundisho ya Kikonfusio kutoka China kuliko sheria, na kwamba maisha yaliwagawa watu katika samurai, wanavijiji na watu wa mjini, huku eta na hinin, makundi yaliyotengwa na kudharauliwa, wakitupwa nje kabisa. Nakubaliana nao. Nakubali pia kwamba wakulima hawakuwa sawa; wapo wakuu wa vijiji waliopika sake, pombe ya mchele, na kukopesha majirani. Lakini hapo ndipo hoja yangu inapopata nguvu: sifa za mkulima zilikaa vitabuni, kodi ikamfuata hadi uwanjani alikopura mpunga.

Kinachoniumiza zaidi ni Tsugaru, kaskazini kabisa mwa kisiwa cha Honshu. Mwaka 1783 baridi iliharibu mavuno, na utawala wa eneo lile ulikuwa umeshasafirisha mchele kwenda Edo na Osaka kwa sababu ya fedha na madeni. Maelfu kwa maelfu ya watu walikufa njaa katika nchi waliyoilima wenyewe.

Anayeshikilia kwamba nafasi ya pili ilikuwa heshima, aanze na Tsugaru. Heshima ile iliwafaa nini?