Methani kwenye sayari nyingine: ni uhai au ni miamba?

Mwl_Uyole: Wakuu, klabu ya sayansi shuleni ina mdahalo wiki ijayo. Upande mmoja unadai gesi ya methani ikionekana sayari nyingine basi kuna viumbe, wa pili unasema ni miamba tu. Mnaegemea wapi?

Binti_Tukuyu: Uhai. Huku Rungwe wafugaji wanapikia gesi ya kinyesi cha ng'ombe, na ile ni kazi ya vijidudu. Mashamba ya mpunga Usangu nayo hutoa methani kwenye tope. Volkano zetu je? Kule Kyejo inavunwa kaboni dioksaidi, si methani.

Mchimbaji_Chunya: Dada, toka nje ya Dunia kwanza. Titan, mwezi wa Zohali, hewa yake karibu na ardhi ina methani kama asilimia 5, na ina maziwa ya methani kabisa, kwenye baridi ya nyuzi 179 chini ya sifuri. Nani anafuga ng'ombe huko? Miamba nayo inaitengeneza: olivini, madini ya kijani yaliyomo kwenye miamba ya volkano, ikikutana na maji ya moto hutoa haidrojeni, haidrojeni ikapata kaboni dioksaidi, methani hiyo.

Anga_Iringa: Ugomvi wenyewe uko Mirihi. Curiosity, gari la utafiti la NASA lililotua kreta ya Gale huko mwaka 2012, kwa kawaida inapima chini ya sehemu 1 katika bilioni, ikipanda na kushuka kwa majira. Juni 2019 ikaruka hadi 21, na siku chache baadaye ikashuka tena. Halafu Trace Gas Orbiter, chombo cha Ulaya na Urusi kinachozunguka juu, hakijaiona kabisa, na kina vifaa vikali kuliko vya Curiosity kwa kazi hiyo. Mwanga wa jua unahitaji miaka kama 300 kuimaliza methani pale, sasa hiyo imekwenda wapi? Wapo wanaoshuku kwamba gari lenyewe linavujisha hewa lililoondoka nayo duniani. Kwa Mirihi mimi nasema tubishane kwanza kama ipo.

Mwl_Uyole: Sawa, ila majaji wangu watoe alama kwa kigezo gani?

Anga_Iringa: Waulize iko na gesi gani. Mwanasayansi James Lovelock alilisema hili tangu 1965: methani na oksijeni haziishi pamoja muda mrefu, zinamalizana. Ukizikuta zote mbili kwa wingi, kuna kitu kinazijaza upya kila siku. Methani peke yake siipi hata nusu alama. Na wasikimbilie kaboni nyepesi (kaboni-12) iliyomo kwenye methani: viumbe wanaipenda, lakini kuna njia za kikemia zisizo na uhai zinazotoa methani inayofanana.

Binti_Tukuyu: Na Ziwa Kivu? Kaboni dioksaidi inatoka volkano, vijidudu vilindini vinageuza sehemu yake kuwa methani. Huo ni upande gani wa mdahalo?

Mchimbaji_Chunya: Hapo umenibana, dada. Ndiyo maana Enceladus, mwezi mwingine wa Zohali, inanisumbua kuliko Mirihi. Chombo cha Cassini kilipita kwenye manyunyu ya maji yanayorushwa kutoka ndani yake kikakuta methani, na mwaka 2017 ikatangazwa haidrojeni pia. Haidrojeni ni chakula cha vijidudu wa Kivu. Ila kama wapo wengi, mbona chakula chote hicho kimebaki?

Binti_Tukuyu: Labda ni wachache.

Mchimbaji_Chunya: Au hawapo, na maji ya moto yanafanya kazi yote yenyewe.

Mwl_Uyole: Basi mdahalo nauhamishia Enceladus. Mirihi naiweka kwenye somo la vipimo.