Filamu ya Mkwawa ikitengenezwa na wageni, tukubali?

Kamwene wakuu,

Nataja msimamo wangu mapema ili anayepinga ajue anapinga nini. Filamu inayohusu haki za waliodhulumiwa haitoshi kuwa na huruma. Waliodhulumiwa wawe na kauli tangu kwenye skripti.

Mwaka 2023 ilitoka filamu ya Kijerumani, Der vermessene Mensch, ya Lars Kraume. Inahusu mauaji ya kimbari ya Waherero na Wanama huko Namibia, na mafuvu yaliyosafirishwa Berlin kupimwa. Habari za fuvu sisi wa Iringa hatuhitaji kusimuliwa. Kichwa cha Mkwawa, chifu wetu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kilichukuliwa 1898, Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaagiza kirudishwe, bado tukasubiri hadi 1954 Gavana Twining alipokikabidhi Kalenga. Ila katika filamu ile, tunayemfuata mwanzo hadi mwisho ni mtaalamu wa Kijerumani: dhamiri yake, woga wake, kuanguka kwake. Mwanamke wa Kiherero yupo, lakini tunamwona pale tu jicho la yule bwana linapomfikia.

Cry Freedom ya 1987 ina kasoro hiyohiyo. Steve Biko, mpinzani wa ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, anakufa mikononi mwa polisi filamu ikiwa haijafika mbali, na sehemu kubwa inayobaki ni mwandishi Mzungu, Donald Woods, akitoroka na familia yake. Mjane na watoto wa Biko walibaki chini ya makaburu, kamera haikubaki nao.

Sasa ije kampuni ya nje kutaka kumtengenezea Mkwawa filamu, fedha zao, mwongozaji wao. Tukubali?

Mwalimu wa historia, Mafinga, anajibu:

Mimi nakubali, mleta mada. Filamu ile ya Kraume hakutengenezewa mtu wa Kalenga, katengenezewa Mjerumani. Mwaka huohuo 2023 makumbusho moja ya Berlin ilitoa matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki, na baadhi yakapatiwa ndugu walio hai hapa Tanzania. Wa kukosa usingizi ni mwenye ufunguo wa stoo ya mafuvu. Kama ataguswa na mhusika anayefanana naye, acha aguswe. Tukingoja fedha zetu wenyewe, wazee wenye simulizi watakwisha, na wanakwisha kweli.

Msangu wa Mbarali:

Ndugu zangu wa Iringa, mnauliza mgeni atamwonyeshaje Mkwawa. Mimi nauliza ninyi mtamwonyeshaje Merere, chifu wetu Wasangu. Wahehe waliwafukuza wazee wetu Utengule, na Merere akashirikiana na Wajerumani ili arudi kwao. Kamera ikiwa mikononi mwenu, sisi tutakuwa wasaliti tu? Na wanawake waliotekwa katika vita vile, wa pande zote, haki zao atazisema nani?

Mleta mada:

Mwalimu, fedha za nje sizikatai. Tazama The Empty Grave ya 2024, iliyoongozwa na Agnes Lisa Wegner wa Ujerumani pamoja na Mtanzania Cece Mlay. Inafuata familia ya Songea na nyingine ya Meru zinazotafuta mabaki ya mababu zao walionyongwa na wakoloni. Wanaouliza maswali ni wenye msiba, na maofisa wa Ujerumani ndio wanaokaa kujibu. Ikaonyeshwa Berlin kwenyewe. Kwa hiyo Mjerumani anaweza kuguswa bila kupewa nafasi ya mhusika mkuu.

Ndugu wa Mbarali, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote hapa. Kwangu Mkwawa ni shujaa na sitarudi nyuma, lakini ushujaa wa Lugalo, alikowapiga Wajerumani, haufuti machozi ya Utengule. Sehemu ya Merere iandikwe na Wasangu, na wawe na haki ya kukataa skripti, si kuitwa siku ya kushuti wavae ngozi na kushika mikuki. Najua Wahehe wenzangu wengine watanuna. Wanune, ila waseme hapahapa kwa hoja.

Kuhusu waliotekwa, nataka tuanze nao. Wenye wazee Rujewa, Utengule, Kalenga: mmesimuliwa nini juu ya wanawake wale?