Tupeane uzoefu: unajaribuje mabadiliko kwenye kompyuta yako kabla ya kuyaingiza katika nyaraka za pamoja?

Goma, Himbi:
Ndugu wa Bukavu na Lubumbashi, wengi wetu tunachangia nyaraka za programu huria pamoja na watu walio mbali, na badiliko moja lisilojaribiwa linaweza kuzuia kazi ya wote. Naomba kila mmoja aeleze anavyofanya. Mradi wangu unatumia Sphinx, programu inayogeuza maandishi kuwa kurasa za nyaraka, iliyotoka mwaka 2008 kwa ajili ya nyaraka za Python. Mstari unaopigwa chini ya kichwa ukiwa mfupi kuliko kichwa chenyewe, Sphinx hutoa onyo tu na ukurasa hutoka kana kwamba hakuna kitu. Lakini seva yetu inayokagua kazi hutumia alama ya -W, inayogeuza kila onyo kuwa kosa, na hapo kazi hukataliwa. Kwa hiyo nami huiweka alama hiyo hiyo nyumbani, kwa sababu jaribio lililo jepesi kuliko la seva halinihakikishii lolote.

Bukavu, Ibanda:
Asante, ndugu wa Goma. Hata hivyo -W haitoshi, kwa maana unachojaribu ni folda yako, si komiti yako, yaani yale uliyoyahifadhi rasmi katika git, programu ya kutunza matoleo ya faili. Mwenzangu mmoja alichora mchoro, akauweka kwenye folda ya picha, akajenga nyaraka na kuona kila kitu kimekaa sawa, akatuma maandishi. Mchoro wenyewe hakuwa ameuongeza kwa git add, amri ya kuingiza faili katika komiti, na wengine wote wakakuta pengo. Siku hizi husoma git status kwanza, inayoonyesha faili zisizoongezwa, tukishakomiti hunakili ghala (hifadhi ya mradi mzima) kwa git clone kwenda folda nyingine ndani ya diski ile ile, tukajenga upya humo, ndipo tukatuma. Kazi hiyo haihitaji intaneti hata kidogo, na kwa bei ya mega hapa kwetu hiyo si faida ndogo. Uko pia mtego wa herufi: kwa kawaida Windows huona Ramani.png na ramani.png kuwa faili moja, ilhali Linux ya seva huona mbili, na kwa hilo hata nakala mpya haisaidii. Tumekubaliana majina yote yawe ya herufi ndogo.

Lubumbashi, Katuba:
Sisi tunatumia MkDocs, chombo kingine cha kujenga nyaraka. Vijana huridhika na mkdocs serve kwa kuwa ukurasa huonekana papo hapo, lakini mimi naiona ni ya kutazama sura tu. Cha kuamua ni mkdocs build --strict, inayokataa kiungo kinachoelekea kwenye ukurasa wa ndani usiokuwepo. Viungo vya nje tunavikagua siku umeme na mtandao vikikutana. Mama wa Ibanda, je, ukaguzi wenu mmeuweka katika hook ya pre-commit, yaani hati ambayo git huiendesha yenyewe kabla ya kukomiti? Yetu hukaa ndani ya .git/hooks, ambayo hainakiliwi pamoja na ghala, basi kila mgeni huanza bila kinga.

Bukavu, Ibanda:
Hapana, baba. Amri zetu tumeziandika katika Makefile, ambayo husafiri pamoja na ghala, na mgeni huandika make jaribu tu.