Wazee wa mtaa watashirikije katika historia ya miaka 65 ya uhuru?

Mkazi wa Walukuba, Jinja
Ndugu zangu, ifikapo tarehe 9 Oktoba 2027 Uganda itatimiza miaka 65 ya uhuru, na sisi wa Walukuba tumekubaliana kuandaa maonyesho ya historia ya mtaa wetu, badala ya kuishia kwenye gwaride na hotuba. Mtaa huu ni wa wafanyakazi wa viwanda, waliomiminika Jinja kutoka pande nyingi enzi za bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, na ndiyo maana wengi wetu tumekua tukizungumza Kiswahili na majirani. Tuliitisha mkutano, wazee wakaja wachache na karibu wote wakanyamaza. Mmoja tu alisema kwamba aliwahi kumpa mtafiti picha ya harusi yake, na hadi leo hajarudishiwa. Tufanyeje ili watu watoe walicho nacho kwa hiari?

Mzaliwa wa Bombo
Mzee huyo amekwisha kuwajibu: msichukue kitu. Sisi Wanubi tuna masanduku ya bati yenye medali na barua za babu zetu waliohudumu katika KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, na sijaona sanduku hata moja lililofunguliwa kwa sababu ya mkutano wenye vipaza sauti. Nendeni nyumbani, tena mkiongozana na mtu wanayemwamini. Piga picha ile picha pale pale mezani, karibu na dirisha, bila kuwasha taa ya simu kwa sababu karatasi itang'aa. Kisha igeuze upande wa nyuma, ambako mara nyingi utakuta muhuri wa studio au jina lililoandikwa kwa kalamu. Baada ya siku chache mpelekeeni mwenyewe nakala iliyosafishwa. Majirani wakiiona ukutani, wataanza kuwaita wenyewe.

Mwalimu wa historia, Fort Portal
Nakubaliana na ndugu wa Bombo, ila mjihadhari pia na swali lenyewe. Ukimwambia mzee akueleze historia, atakutajia wafalme na marais, kwa kuwa hivyo ndivyo shule zetu zilivyomfundisha. Mwombe akuonyeshe tiketi zake za kodi ya kichwa, ambazo wanaume wengi walizitunza kwa hofu ya kukamatwa hadi kodi hiyo iliposimamishwa mwaka 2005, na utasikia habari za mishahara, misako ya alfajiri na waliolala porini.
Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda yalionyesha picha zilizopigwa na wapigapicha wa serikali enzi za Idi Amin. Ni hazina kubwa, lakini kamera ya serikali haikuingia jikoni kwa mtu wala haikuwafuata waliopotea, na pengo hilo linaweza kuzibwa na albamu za nyumbani tu. Kwa Jinja jambo hili ni nyeti zaidi: mwaka 1972 Waasia walipewa siku 90 kuondoka, na hadi leo swali la nani alipata duka la nani huwagombanisha watu. Kwa hiyo kila msimulizi aulizwe kama jina lake litajwe, na aruhusiwe kubadili nia baadaye.

Mkazi wa Walukuba, Jinja
Ahsanteni. Tutaanza na nyumba za wastaafu wa kiwanda cha nguo. Lakini nakala zitunzwe wapi? Wengine wanataka ofisi ya LC1, yaani baraza la mtaa, ila mwenyekiti hubadilika na makabati huondoka naye.

Mzaliwa wa Bombo
Msiweke mahali pamoja. Makaburi ya Kasubi, ya wafalme wa Buganda, yaliungua mwaka 2010 ingawa yalikuwa urithi wa dunia, sembuse kabati la LC1! Seti moja ikae maktaba ya shule, nyingine msikitini au kanisani, na ya tatu ombeni Makumbusho ya Uganda iipokee kwa maandishi.