Karafuu zangu na mbunge: Dodoma inahusika?

MwanaShamba: Assalaam alaykum. Mie mkulima, Kaskazini Pemba, nna mikarafuu thalathini na kitu, ya urithi. Juzi tumo mbioni kuanua majamvi, mvua ishaanza kutia, akapita mbunge na wenziwe. Nikamuuliza: mbona sheria yanilazimisha karafuu yangu niiuze ZSTC tu, lile shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, nisimuuzie nimtakaye? Akasema, "Hilo nakwenda kulisimamia Dodoma." Watu wakapiga makofi. Mie nikabaki na pakacha mkononi. Nauliza bila ya siasa: Bunge lina uwezo huo?

Pweza Mkavu: Bunge ni la Jamhuri ya Muungano, likitaka latunga lolote. Mwacheni mtu afanye kazi.

Bi Mkubwa wa Skuli: Pweza, nimesomesha uraia mpaka nimestaafu, hebu nisikilize. Katiba ya Muungano, ibara ya 64: Bunge limepewa mambo yote ya Muungano, na juu yake mambo yote ya Bara. Ya Zanzibar yasiyokuwa ya Muungano ni ya Baraza la Wawakilishi, pale Chukwani. Mmoja akitunga sheria ndani ya mamlaka ya mwenziwe, sheria hiyo ni batili. Kilimo hakimo katika yale mambo 22 ya Muungano yaliyoorodheshwa humo. Sheria ya karafuu ya 2014 ilipita Chukwani, na kubadilishwa itabadilishwa huko huko. MwanaShamba, wako ni mwakilishi.

Kinachonichekesha ni kuwa mbunge kutoka Pemba, ikija korosho ya Mtwara au tumbaku ya Tabora, anapiga kura. Karafuu inayonukia mlangoni kwake hana kura nayo!

Pweza Mkavu: Sawa mwalimu. Na "biashara ya nchi za nje" je? Imo katika orodha hiyo hiyo, nimeiona sasa hivi. Karafuu kwani twaila sisi? Si inapakiwa inakwenda zake.

Bi Mkubwa wa Skuli: Hapo umenibana, sikatai. Ikishafika kwenye kuuzwa nchi za nje, Muungano una neno. Lakini mwenzetu kauliza nani anunue kutoka jamvini kwake. Na kama mtu anataka kilimo cha karafuu chote kihamie Dodoma, basi orodha yenyewe ibadilishwe, na hilo lataka thuluthi mbili ya wabunge wa Bara na thuluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande wahesabiwa mbali. Namtaka huyo Mpemba atakayenyosha mkono.

Dau la Jioni: Ongezeni na Katiba ya Zanzibar ya 1984, ibara ya 132. Sheria ya Bunge haitumiki huku ila iwe ya jambo la Muungano, na waziri anayehusika aipeleke mbele ya Baraza la Wawakilishi. Wengi wanaisahau hii, na wabunge wamo.

MwanaShamba: Nimekufahamuni, ahsanteni. Sasa sijui yule bwana hakujua au alitaka tu makofi yake. Mwakilishi wetu simu yake nnayo, ila hupokea akitaka. Bi Mkubwa, nikiandika barua utanitazamia kabla sijaipeleka? Karafuu zishakauka, kesho nazipeleka kituoni kuuza, nitapita skuli ya zamani hapo saa nne.

Bi Mkubwa wa Skuli: Njoo. Na uje na makonyo kidogo, vile vikonyo vya karafuu, nifukize, nyumba ina mbu.